KONA YA BARUA: Herufi chache, maana nyingi

Sisi wa Kona ya Barua tuko, na meza yetu ni ile ile chini ya mwembe.

Wanaotufahamu wanajua kazi yetu. Mtu anakuja na bahasha, au daftari la hospitali, au simu mkononi, anasema, "Jamani, nisomeeni hii." Tunasoma, tunaeleza, tukishindwa tunauliza wanaojua. Mwezi huu tumeamua kuongea juu ya vifupisho vya Kiingereza, yaani zile herufi mbili tatu zinazosimama badala ya neno zima. Wengine watasema jambo hili ni dogo. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka alipokuja mama mmoja na daftari la mtoto wake.

Mtoto huyo ana ugonjwa wa kifafa. Mwezi wa sita mama alimpeleka kliniki, akapewa dawa, na kwenye daftari wakaandika hivi: TCA 2/12. Mama hajui kusoma Kiingereza. Alipofika nyumbani akamwuliza kijana wake wa darasa la sita. Kijana akaangalia vizuri, akasema, "Mama, ni tarehe mbili mwezi wa kumi na mbili." Mama akashukuru. Dawa zilipokwisha mwezi wa nane akajiambia, basi dozi imekwisha, tutarudi Desemba kama walivyosema.

Mwezi wa tisa mtoto alishikwa na degedege karibu na jiko, akaangukia moto kwa mkono. Majirani walimbeba mpaka hospitali. Huko wakamwuliza mama, "Mbona hukurudi kuchukua dawa?" Mama akatoa daftari. Muuguzi akalisoma, akanyamaza kidogo, halafu akamweleza. TCA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aje tena". Na 2/12 si tarehe. Ni miezi miwili kati ya miezi kumi na miwili ya mwaka. Maana yake: arudi baada ya miezi miwili.

Mkono wa mtoto umepona, kovu limebaki. Mama aliporuhusiwa alikuja kwetu moja kwa moja na daftari lile. Akasema, "Andikeni hii, mwingine asifanye kama mimi." Ndiyo maana tunaandika.

KWANI KWA NINI WANAFUPISHA?

Tusiseme kwamba Wazungu ni wavivu wa kuandika. Kila lugha inafupisha. Sisi wenyewe tunaandika n.k. badala ya "na kadhalika", na S.L.P. badala ya "Sanduku la Posta". Ndugu zetu waliosoma Kongo na Burundi wanaandika B.P. kwa sanduku hilo hilo, kwa sababu ya Kifaransa. Sasa mtu huyo akifika kliniki hapa akaona BP kwenye daftari lake, anashangaa: sanduku la posta linafanya nini hospitali? Kumbe BP ya kliniki ni shinikizo la damu, ile tunayoiita presha.

Simu nazo zilizidisha. Ujumbe wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa na salamu ya Krismasi tu. Ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na ukizidisha unalipia mwingine. Watu wakaanza kubana maneno. Vijana wetu wa Kiswahili nao wakafuata: "sijui" ikawa cjui, "tupo" ikawa 2po, "sasa" ikawa xaxa. Mzee akiisoma anadhani ni lugha ya nchi nyingine.

Kifupisho ni makubaliano ya watu wanaofanya kazi pamoja. Mganga akimwandikia mganga mwenzake TCA 2/12, wote wawili wanajua. Karatasi ikitoka pale ikaingia nyumbani kwetu, makubaliano yale hatukuwepo. Mganga hakukosea kwa desturi ya kazi yake. Kijana wa darasa la sita naye hakukosea, alisoma kama shule ilivyomfundisha. Lakini mtoto aliungua.

KWENYE KARATASI ZA DAWA

Tuanzie hapa, kwa sababu hapa kosa linaweza kuondoa uhai.

Kwenye bahasha ndogo ya vidonge mnaona 1x3. Ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1x3 ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. 2x1 ni vidonge viwili kwa pamoja, mara moja kwa siku. 1x2 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ukijumlisha utaona 2x1 na 1x2 zote ni vidonge viwili, lakini haziliwi sawasawa.

Halafu kuna namba za muda, zile zenye mstari wa kuegemea:
- 5/7 ni siku tano. Saba ya chini ni siku za wiki.
- 2/52 ni wiki mbili. Hamsini na mbili ni wiki za mwaka.
- 3/12 ni miezi mitatu. Kumi na mbili ni miezi ya mwaka.

Ukiona 7 chini, fikiria siku. Ukiona 52, fikiria wiki. Ukiona 12, simama uulize, maana 12 ndiyo inayofanana na mwezi wa Desemba. Na 5/7 nayo inaweza kusomwa kama tarehe tano mwezi wa saba. Usiseme "naona ni wazi". Mama yule naye aliona ni wazi.

Kuna na herufi zilizotoka kwenye Kilatini. Katika nchi zilizofuata desturi ya Waingereza, OD ni mara moja kwa siku, BD ni mara mbili, TDS ni mara tatu. Marekani hawaandiki hivyo. Kule mara mbili ni BID, mara tatu ni TID, na OD kwenye karatasi ya macho ni jicho la kulia. Tena OD hiyo hiyo wao huitumia kwa mtu aliyezidisha dawa mpaka akadhurika. Herufi mbili, maana tatu, na zote ni mambo ya hospitali! PRN ukiiona, maana yake "ikihitajika tu", kwa mfano dawa ya maumivu: usipoumwa usimeze.

Msidhani ni sisi wakimbizi tu tunaochanganyikiwa. Marekani, pamoja na hospitali zao kubwa, waliona makosa mengi mpaka mwaka 2004 taasisi inayokagua hospitali, Joint Commission, ikatoa orodha ya vifupisho ambavyo havitakiwi tena. Mojawapo ni U, iliyokuwa ikisimama badala ya "uniti" kwenye dawa kama insulini ya wagonjwa wa sukari. Mtu akiandika 10U kwa haraka, U inaonekana kama sifuri, na mgonjwa anaweza kupewa 100. Nyingine ni QD, ya mara moja kwa siku, kwa sababu iliweza kusomwa kama QID, ambayo ni mara nne. Hata nukta iliingia kwenye orodha: 1.0 inaweza kusomwa kumi, na .5 inaweza kusomwa tano. Wakaambiwa andikeni 1 bila sifuri nyuma, na 0.5 yenye sifuri mbele.

Kama madaktari wenyewe wanakosea, wewe mama wa nyumbani usione haya kuuliza. Kabla hujaondoka dirisha la dawa, sema hivi: "Daktari, naomba nirudie nilivyoelewa." Kisha sema kwa mdomo wako: vidonge vingapi, mara ngapi, siku ngapi, na nirudi lini. Na mwombe akuandikie siku ya kurudi kwa tarehe kamili. Hilo si kumdharau. Wengi wao watafurahi.

TAREHE YA KUZALIWA INAPOZAA MATATIZO

Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, Uingereza: wote tunaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Marekani wanaanza na mwezi, kisha siku. Kwa hiyo 07/11 kwetu ni tarehe 7 Novemba. Kwa Mmarekani ni tarehe 11 Julai.

Familia moja tunayoifahamu iliumia kwa hilo. Mama amezaliwa tarehe 7 Novemba 1968. Binti yake aliyetangulia Marekani alijaza karatasi za kuwahusu wazazi, na kwa kuwa ameshazoea desturi ya kule akaandika 11/07/1968. Hakukosea. Karatasi zikaja huku, mtu mwingine akazisoma kwa desturi ya huku: tarehe 11 Julai. Kwenye kadi ya mama ni Novemba. Siku ya mahojiano mama akaulizwa, "Kwa nini una tarehe mbili za kuzaliwa?" Mama akatetemeka, akadhani anaitwa mwongo. Alijibu kwa woga, na woga ukaonekana kama uongo. Ilibidi waandike maelezo, waape, wasubiri. Faili lao lilikaa miezi mingi bila kusogea, kwa sababu ya namba mbili zilizobadilishana viti.

Tunawashauri hivi. Kama karatasi inakuruhusu, andika mwezi kwa herufi: 7 NOV 1968. Hapo hakuna wa kukosea, awe Mmarekani au Mkongomani. Kama karatasi ina visanduku, angalia herufi zilizoandikwa juu au chini yake. Kwa Kiingereza D ni siku, M ni mwezi, Y ni mwaka. Kwa hiyo DD/MM/YYYY ni desturi yetu, na MM/DD/YYYY ni ya Marekani. Wale wa Kifaransa walizoea JJ/MM/AAAA, ni jambo lile lile. Ukiona mwaka umetangulia, kama 1968-11-07, fuata mwezi halafu siku. Huo ni utaratibu wa kimataifa uliowekwa mwaka 1988 ili kumaliza ubishi huu, lakini fomu nyingi bado hazijaufuata.

Kwa ndugu zetu waliosoma Kifaransa tunaongeza onyo dogo. SEPT kwenye fomu ya Kiingereza si saba. Ni Septemba, mwezi wa tisa. Baba mmoja alituletea barua akisema ameitwa "tarehe kumi mwezi wa saba" kwa sababu aliona 10 SEPT. Na MAR kwenye Kiingereza ni mwezi wa tatu. Haihusiani na Jumanne ya Kifaransa.

Wengi wetu hatukuwa na vyeti, tukaandikishwa tarehe 1 Januari. Huko Marekani wapo wakimbizi wengi wa nchi mbalimbali wenye siku hiyo moja, mpaka watoto wao wanawatania. Lakini angalau 01/01 haiwezi kugeuzwa. Soma kwa mbele, soma kwa nyuma, ni ile ile.

Kuna na hili la jina. Mtu mwenye jina moja tu kwenye pasi yake, anapopewa viza ya Marekani, mahali pa jina la kwanza huandikwa FNU. Ni kifupi cha "jina la kwanza halijulikani". Wako watu wameishi miaka kule, shuleni na kazini wanaitwa "Fnu", kana kwamba ndilo jina walilopewa na wazazi wao. Kwa hiyo mnapoandikisha watoto, waandikisheni majina yote, na yaandikwe kwa herufi zile zile kila mahali.

SAA: ASUBUHI AU USIKU?

Hili mnalijua, lakini linaendelea kutuumiza. 8 a.m. ni saa mbili asubuhi. Tofauti ni masaa sita. Herufi a.m. zinatoka kwenye Kilatini, maana yake kabla ya jua la mchana, na p.m. ni baada yake.

Shida kubwa iko kwenye kumi na mbili. 12 p.m. ni saa sita mchana. 12 a.m. ni saa sita usiku, na hapo hapo ndipo siku mpya inapoanza kwa hesabu ya Kiingereza. Tiketi ikisema Jumamosi 12:30 a.m., hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ukijiandaa Jumamosi jioni, gari au ndege imeshakwenda tangu jana. Kwa hiyo ukiona 12, uliza: "Ni mchana au ni usiku? Na usiku wa kuamkia lini?"

BILA MUME AU MKE WA?

Mama mwingine alitutumia salamu na malalamiko. Kwenye hati yake limeandikwa jina lake, halafu w/o, halafu jina la mume wake. Karatasi za mahakama na hati nyingi hapa Tanzania huandika hivyo. Maana yake ni "mke wa". Vivyo hivyo s/o ni "mtoto wa kiume wa", na d/o ni "binti wa".

Mtoto wao aliye Canada akampa mtu wa kule hati hiyo amsaidie kujaza fomu. Mtu yule akasoma, akauliza kwa huruma, "Kumbe mama yako hana mume?" Kwa sababu kwao w/o ni "bila". Mke wa fulani akawa mke bila fulani, na baba wa watu yuko hai, analima mchicha wake nyuma ya nyumba! Tulicheka, baba mwenyewe alicheka kuliko wote. Lakini fikirieni kama fomu ile ingepelekwa hivyo. Mama angesafiri kama mjane, na baba angebaki huku.

Ushauri wetu: mkituma nakala ya hati nje, andikeni karatasi ndogo pembeni ikieleza vifupisho vyote vilivyomo. Mistari mitatu inatosha.

VIJANA, WAZEE NA SIMU

Sasa tuje kwenye jambo lililomsumbua babu mmoja, mwalimu wa zamani, ambaye Kiingereza chake ni kile cha shule za miaka ya sabini. Alimwandikia mjukuu wake aliye ng'ambo, akimwomba msaada wa ada ya mdogo wake. Mjukuu akajibu kwamba mwezi huu mambo ni magumu, akamaliza na LOL. Babu alijua zamani watu walifunga barua kwa LOL kwa maana ya "upendo mwingi". Akafurahi. Baadaye jirani kijana akamwambia, "Babu, hiyo ni kucheka kwa sauti." Babu akakasirika: yaani mtoto anacheka shida zetu?

Akajibu neno moja: "Ok." Akaweka na nukta, kama mwalimu yeyote.

Mjukuu alipoona "Ok." yenye nukta akajua babu amekasirika. Akaogopa, akanyamaza wiki mbili. Babu akaona kimya, akazidi kuumia. Mwishowe mama wa kijana akapiga simu, ndipo yakaeleweka. Kijana hakuwa anacheka shida. Kwa vijana wa leo LOL mara nyingi haina kicheko ndani yake. Wanaiweka kulainisha neno gumu, kama sisi tunavyosema "lakini usijali, babu".

Na ile nukta? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi majibu mafupi ya simu, mengine yana nukta mwishoni na mengine hayana. Wanafunzi waliona yale yenye nukta hayatoki moyoni kama yale yasiyo na nukta. Ile ile nukta tuliyochapwa viboko shuleni kwa kuisahau, leo ukiiweka kwenye simu kijana anadhani umenuna.

Msidhani mambo haya yameanza jana. OMG, ile ya "Mungu wangu", imeonekana kwenye barua ya mwaka 1917 ambayo mzee wa jeshi la maji la Uingereza, John Fisher, alimwandikia Winston Churchill. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Na mwaka 2011 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ikaziingiza OMG na LOL kama maneno halali. Lugha inatembea. Tukisimama tunaachwa, lakini tusikimbie nayo bila kuwaangalia wazee wetu.

Vijana, tunawaomba: mnapowaandikia wazazi, andikeni neno zima. "Nakupenda, mama" haina gharama kuliko LOL. Wazazi nanyi, mkiona kitu hamkielewi kwenye ujumbe wa mtoto, msikasirike kabla hamjauliza. Mtoto aliye mbali na nyumbani akikaa kimya, mnajua wenyewe inavyouma.

MASWALI MLIYOTULETEA

Swali: Dada yangu ameniandikia anuani yake, "Portland, OR". Mtoto wangu anasema "or" ni "au". Portland au wapi?

Jibu: Mtoto amejibu vizuri Kiingereza cha shule, lakini hapa OR ni Oregon, jimbo la Marekani upande wa magharibi. Tangu mwaka 1963 posta yao inaandika kila jimbo kwa herufi mbili. Kuna Portland nyingine, ya jimbo la Maine upande wa mashariki kabisa, nayo inaandikwa Portland, ME. Wakongomani wapo hata huko. Ukikosea herufi mbili, barua inavuka nchi nzima. Vilevile CA kwenye anuani ya Marekani ni California, si Canada.

Swali: Tuliambiwa tutapigiwa simu saa "7 p.m. EAT". Tukasubiri baada ya kula. Simu ikatupita. Tulikosea wapi?

Jibu: Poleni sana. EAT hapo si kula. Ni kifupi cha saa za Afrika Mashariki. 7 p.m. EAT ni saa moja jioni ya hapa kwetu. Waandikieni kwamba mko tayari tena, na safari hii mle mapema.

Swali: Baba yangu anasema HCR, mimi nasema UNHCR, anabisha kwamba ni mashirika mawili.

Jibu: Ni moja. Baba anatumia kifupi cha Kifaransa. Vilevile PAM na WFP ni shirika moja la chakula, na VIH na HIV ni virusi vile vile. Msigombane.

YA KUSHIKA MWEZI HUU

1. Dawa: rudia kwa mdomo kabla ya kuondoka dirishani.
2. Siku ya kurudi kliniki: omba iandikwe siku, mwezi kwa herufi, na mwaka.
3. Fomu: angalia kama mwezi unatangulia au siku inatangulia.
4. Saa yenye 12: uliza mchana au usiku, na usiku wa kuamkia lini.
5. Kifupisho usichokijua: usikisie. Afadhali kuuliza mara tatu.

Kazi ya nyumbani kwa familia: jioni moja, kabla taa haijazimwa, toeni madaftari yote ya kliniki na karatasi zote mlizonazo. Kaeni pamoja, mtoto wa shule asome, wazazi wasikilize. Kila herufi ambayo hamna uhakika nayo, iandikeni kwenye kipande cha karatasi mtuletee. Tunakaa Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana. Hapa tunahesabu saa za Kiswahili, kwa hiyo hakuna a.m. wala p.m.

Mama wa daftari lile anawasalimu. Safari hii ya kliniki amerudi na tarehe iliyoandikwa kwa maneno, siku na mwezi. Ameibandika ukutani juu ya kitanda cha mtoto, na yule kijana wa darasa la sita ndiye anayehesabu siku.

Kaeni salama mpaka mwezi ujao.

Sisi wa Kona ya Barua